Kontra ya Sikujua

Bukavu, tarehe 9 mwezi wa kumi 2023

Mutoto wangu Noëlla,

Nyumba yote ya Muhungu inakusalimu. Mama yako Martine alishuka Nyantende kutazama maharagwe yake, akarudi na muguu unaomuuma. Hataki kwenda kwa dokta, anasema ni viatu. Unamujua dada yangu. Tumesikia ulifika Shabunda salama na kwamba shule ilikupa nyumba ya mabati. Mama yako analia akisikia ndege inapita, lakini usimuambie nimekuambia.

Hapa courant ya umeme inakuja na kwenda. Sekretaria yangu inaendelea hivyo hivyo, watu bado wanataka barua za kuomba kazi na fotokopi za diplome. Nimemuchukua musichana anaitwa Ghislaine anisaidie kupiga mashini. Sasa mugongo wangu unapumzika kidogo.

Basi jambo lenyewe. Kuna ligi ya mupira ambayo haichezwi uwanjani, inachezwa ndani ya mashini ya kompyuta. Vijana wa hapa waliianzisha, leo iko na watu wa Goma, wa Uvira, hata watoto wetu wa Bruxelles. Kila mutu anaunda muchezaji mumoja, anamupa jina na nafasi yake. Jumapili mashini inacheza mechi zote na kuandika matokeo mustari kwa mustari. Muchezaji anaongezwa nguvu kwa kauri. Kauri ni pesa ya ligi tu, hainunui hata chumvi. Unaipata kwa njia mbili: kontra, ule mukataba unaosaini na ekipe yako, na makala unayoandika juu ya ligi. Lakini kila ekipe iko na kikomo cha kauri za kontra zote pamoja. Ukimupa mumoja nyingi, mwenzake anakosa.

Mimi ni meneja wa Étoile ya Muhungu. Mushambuliaji wangu anaitwa Kapitene Bulonza. Usicheke, mutu anaweka jina analolijua. Na makala zangu zinasomwa. Unakumbuka nilivyokuwa nikitangaza mechi za parokia na megafone, watu wakaacha kutazama mupira wakanitazama mimi? Ni vile vile.

Nimekosa winga. Najua huko internet haipiti. Wewe muunde, andika makala yake kwa kalamu ya bic, upe watu wa ndege, mimi nitapiga na kuweka kwenye ligi kwa jina lako. Jioni za huko ni ndefu, itakuondolea mawazo.

Tonton yako,
Bulonza


Shabunda, tarehe 12 mwezi wa kumi na moja 2023

Tonton yangu mupenzi,

Nakusalimu kwa heshima kama mujomba wangu, pia Mama. Mwambie atupe vile viatu, kisha aende kwa dokta. Mimi niko muzima. Wanafunzi wangu wengi wanatoka kwenye machimbo ya dhahabu, wengine wanaingia darasani na udongo bado kwenye masikio. Mvua hapa hainyeshi, inaanguka. Nyumba iko sawa. Kinachonisumbua ni kunyamaza kwake. Nikifunga mulango, hakuna mutu wa kuniita jina.

Kwa hiyo barua yako ilinifurahisha kuliko unavyofikiri. Nimekubali. Muchezaji wangu anaitwa Sikujua, winga. Nimemuandikia makala ya kwanza, iko ndani ya bahasha. Nimesema alizaliwa huku, mama yake akapeleka watoto wote kuchimba ila yeye, juu alikuwa mudogo mno wa kubeba muchanga, na hivyo akabaki peke yake na mupira wa majani ya ndizi. Sijui kama ndiyo namna watu wanaandika kwenye ligi. Kama haifai, uitupe.

Cirhuza, yule anayepokea mizigo ya ndege hapo Kavumu, atakuletea mukononi. Tafadhali uniambie umeonaje.

Mutoto wako,
Noëlla


Bukavu, tarehe 21 mwezi wa kwanza 2024

Kwa Noëlla,

Mwaka mupya ukukute vizuri. Noeli tulikula kwa Mama yako, majani ya sombe na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kiti chako tulikiacha wazi mupaka jirani mumoja akakikalia. Muguu umepona. Kumbe kweli vilikuwa viatu. Ghislaine anakusalimu ingawa hakujui. Yeye ndiye alipiga makala yako, akapiga na ile ya mwezi wa kumi na mbili.

Makala ziliwekwa. Wasomaji wamezipokea. Wale wa Bruxelles wanauliza kila wiki kama Sikujua ataandikiwa tena, na mumoja amesema alisoma akiwa kwenye tramu akapita kituo chake. Watu wa nje wanapenda mambo ya kulia. Pia Sikujua amefunga mabao, juu kauri za makala zilimupa nguvu nyingi.

Komite ya ligi imebadilisha kanuni. Zamani makala ililipwa kwa urefu, na mimi nilikuwa naandika mechi yote tangu dakika ya kwanza, mutu anaona mupira unavyotembea. Sasa wanalipa kwa kura za wasomaji. Makala yangu ya mechi yetu na Goma ilikuwa ndefu kuliko zako mbili pamoja. Ilipata kura chache. Kura moja ilikuwa ya Ghislaine.

Kwenye mukutano wa mameneja kwa telefone, Latifu wa Uvira aliniuliza mbele ya wote: «Bulonza, huyu winga wako anauzwa?» Nikamujibu: «Étoile haiuzi.» Akasema: «Sikuuliza Étoile. Nimeuliza winga.» Wakacheka. Latifu ni mutoto wa watu wa biashara, kwao kila kitu kiko na bei.

Ndiyo maana nakuandikia. Musimu mupya unafunguliwa, kila mutu anasaini kontra mpya. Wewe kauri za makala zinakutosha, kontra kubwa ni ya nini kwako? Saini ile ya chini kabisa. Nafasi inayobaki chini ya kikomo nitamupa Kapitene, anaanza kuchoka. Ekipe kubwa zote zinafanya hivyo. Ni kwa ajili ya ekipe.

Karatasi ya kontra iko humu. Weka sinyature mahali nimeweka alama.

Tonton,
Bulonza


Shabunda, tarehe 18 mwezi wa pili 2024

Tonton mupenzi,

Salamu nyingi, na pole kwa kanuni hizo mpya. Kama Mama amepona muguu, mwambie nami nilikuwa na malaria lakini imeisha, asianze kutafuta ndege.

Nimesaini. Hata sikusoma sana. Kama inasaidia Kapitene, inatosha, tuko ekipe moja.

Nimekutumia makala tatu kwa mara moja, juu ndege zimekuwa za shida na sitaki Sikujua akose. Nilizisomea wanafunzi kwanza. Ile ya pili, ya mama yake anayekuja kumutazama akicheza lakini hajui sheria za mupira, musichana mumoja alinyanyuka akatoka nje. Baadaye akaniuliza: «Mwalimu, huyo mama alikuambia nani?»

Niko nasema hivyo si kwa kujisifu. Ni kwamba hapa sina mutu mwingine anayejua mambo haya. Barua yako iliniambia wamesema nini Bruxelles, na Latifu alisema nini. Wewe hukusema. Umeonaje, Tonton?

Mutoto wako,
Noëlla


Bukavu, tarehe 14 mwezi wa ine 2024

Kwa Noëlla,

Usishangae kuona nimekawia. Mvua imekula barabara ya Kadutu, nyumba zilishuka na udongo, tulikuwa na matanga mawili katika kartie, hapa mutaani kwetu. Mama yako anaimba tena kwenye kwaya, wamemupa mahali pa mbele na amenunua kitenge kipya kwa ajili hiyo. Bei ya maharagwe imepanda. Ghislaine alifiwa na bibi yake, akaenda Minova, akarudi. Mashini kubwa iliharibika, ikatengenezwa, ikaharibika tena. Padiri wetu amehamishwa. Yule jirani aliyekalia kiti chako ameoa.

Kuhusu makala. Bahasha iliingia maji kwenye ndege. Mbili hazisomeki, wino umetembea. Moja niliweza kuokoa, nikaiweka, baada ya kurekebisha hapa na pale ili ifuatane na mechi.

Sikujua ameshuka nguvu kidogo. Kontra ya chini bila makala haimutoshi mutu, hiyo iko wazi. Kwa sasa nimemuweka pembeni, kwenye benchi, apumzike. Kapitene amefunga mabao mazuri mwezi huu, hata kama hakuna mutu wa Bruxelles aliyeandika juu yake.

Usijali. Ni muchezo tu.

Tonton,
Bulonza


Shabunda, tarehe 12 mwezi wa tano 2024

Tonton,

Nakusalimu. Wote nyumbani nawasalimu.

Prefe, mukubwa wa shule yetu, amepata telefone inayoshika internet kama umesimama nyuma ya parokia, pale juu kilimani. Nilipanda naye Jumamosi. Nilitaka kuona ligi kwa macho yangu mwenyewe, mara ya kwanza.

Niliona makala yangu. Jina langu liko chini yake. Mwanzo ni wangu. Halafu Sikujua anaanguka katikati ya uwanja, anashika muguu, analia, na Kapitene Bulonza anamubeba kwenye mabega mupaka nje, anarudi, anafunga, na uwanja wote unasimama. Tonton, mimi sikuandika hivyo. Mimi niliandika kwamba mama yake alipiga makofi wakati usiofaa, na mutoto akasikia makofi hayo peke yake. Musomaji mumoja aliandika chini: «Leo si mukono wake.» Nilisoma hapo mupaka prefe akaniuliza kama nimepata habari ya kifo.

Cirhuza alipita huku na ndege wiki hii. Nikamuuliza: «Bahasha yangu ya mwezi wa pili ilifika namna gani?» Akasema: «Mwalimu, nilimupa Tonton yako mukononi, ndani ya plastiki. Aliifungua pale pale. Alisoma akiwa amesimama, hata chai aliyokuwa ameagiza ikapoa. Nikamuita, hakusikia.»

Sitasema neno lingine juu ya hilo. Wewe ni kaka ya mama yangu.

Nakupa habari tu. Komite iliona ekipe zinasainisha waandishi kontra za chini ili zijaze wachezaji wengine wa nguvu chini ya kikomo, na wale wasioandika wanaumia. Walituuliza sisi waandishi tunafikiri nini. Nilijibu kwa telefone ya prefe. Nilisema kila muchezaji apewe kontra isiyoshuka chini ya kiasi fulani, hata kama anaandika sana. Nilisema kauri za makala ziwe na kikomo, musomaji asichoke na mutu mumoja. Tena nilisema anayetangaza mechi kwa sauti alipwe sawa na anayeandika. Wamekubali yote. Sikufanya hivyo kwa ajili ya mutu yeyote.

Latifu aliniandikia. Kontra yangu na Étoile inaisha mwisho wa mwezi. Nimesaini Uvira. Kuanzia sasa nitapanda kilima na kuandika mwenyewe kwa kidole.

Noëlla


Bukavu, tarehe 16 mwezi wa sita 2024

Kwa Noëlla,

Barua yako imefika. Nyumbani tuko wazima.

Mama yako alikuja sekretaria, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasema: «Bulonza, mutoto wangu anakusalimia kwa mustari mumoja siku hizi. Ulimufanya nini?» Nikamuambia huko bic ni shida. Akasema: «Mimi ananiandikia kurasa ine.» Akakaa pale mupaka saa ya kufunga. Ghislaine alijificha nyuma ya fotokopi.

Kwa kanuni mpya, ilikuwa lazima nikupe kontra ya heshima, na ingenibidi nimupunguze Kapitene au nimuache. Nilikuwa nikiipanga. Nilikuwa nimekwisha kuipiga kwenye mashini. Halafu Ghislaine akaniita: «Papa Bulonza, kuja uone, Sikujua iko Uvira.» Nimejua hivyo, pamoja na kila mutu, kwenye ukurasa wa ligi. Barua yako ilikuja nyuma yake.

Latifu amekuahidi nini? Anakusomea makala kabla hazijawekwa? Anajua kuandika jina la shule yako? Mutu anayenunua winga kumupeleka Uvira hajui winga huyo alitoka wapi. Sisemi kitu. Nauliza.

Zile makala mbili zilizolowa zimekauka. Nimezipiga mwenyewe, Ghislaine hakugusa. Ziko kwenye ligi kwa jina lako, neno kwa neno. Na ile niliyorekebisha nimeirudisha ilivyokuwa, mama yake anapiga makofi wakati usiofaa. Kura zimekwenda kwa Uvira, ni sawa, ndiyo kanuni.

Makala siandiki tena. Nimeanza kutangaza mechi kwa sauti. Mashini inatoa mustari, mimi nausoma na kuuongezea nyama, Ghislaine anashika telefone anarekodi, kisha rekodi inawekwa kwenye ligi. Wanasema wasikilizaji wako wengi. Jumapili ijayo Étoile inapokea Uvira. Nitatangaza mimi, hakuna mutu mwingine.

Tonton yako,
Bulonza


Shabunda, tarehe 30 mwezi wa sita 2024

Tonton,

Nakusalimu wewe na Mama, na Ghislaine pia.

Shule imefungwa. Wanafunzi waliobaki walitaka kusikia mechi, tukapanda kilima pamoja. Prefe aliweka telefone kwenye dirisha la parokia. Sijasikia sauti yako tangu nilipopanda ndege mwaka jana. Ulianza na majina ya wachezaji kama unaita watu kwenye arusi. Wale watoto hawajakuona hata siku moja, wakasogea karibu na dirisha.

Nitakuambia kitu, nacho sikipendi. Nilisikia Ghislaine akicheka karibu nawe, ukamuambia shika vizuri telefone, mutoto wangu. Nikasikia wivu. Yeye anakusikia kila Jumapili bila kupanda kilima. Mimi niliondoka ekipe yako kwa miguu yangu, na bado nilitaka atoke hapo.

Latifu hanisomei makala. Anaandika «nzuri sana» kwa kila mutu, hata kwa golikipa ambaye hajaandika. Kontra yake ni nzuri, na nitaimaliza.

Sasa ile dakika ya mwisho. Tulikuwa bila bila. Ulisema Uvira wamechukua mupira, ulisema winga anapita beki wa kwanza, wa pili, ukashusha sauti kama zamani pale parokia. Nilijua ni ekipe yako inaenda kufungwa na nilijua unajua. Ukanyamaza. Mustari ulikuwa mbele yako na hukuusoma. Prefe akafikiri rezo ya telefone imekatika. Halafu ukasema: «Noëlla. Noëlla anafunga.» Hukusema Sikujua. Ulisema jina langu, mara mbili, tena ukakohoa na kuendelea.

Watoto wote waligeuka kunitazama.

Labda nilisikia vibaya. Rezo ya hapa iko mbaya. Kama nilisikia vibaya, uniambie.

Noëlla


Bukavu, tarehe 17 mwezi wa saba 2024

Mutoto wangu Noëlla,

Mama yako ni muzima, anatandika kitanda chako kila asubuhi kama mutu analala pale, anasema utapata ndege kabla ya mwezi wa nane. Anataka ulete mawese ya huko. Mimi sitaki kitu.

Ghislaine alikaa na rekodi baada ya mechi. Akaniambia: «Papa, hapa mwisho ulikosea jina. Nitakata, useme tena vizuri, halafu nitaituma kwa komite waiweke kwenye ligi.» Nikamuambia anisikilizishe. Akanisikilizisha. Nikamuambia arudie. Alikuwa tayari na kidole juu ya telefone.

«Nikate?»

Nikamuambia aiache.

Bulonza